Mapaja ya Salesio Kwenye Lango la Kinoru

Watu wengi huandikwa kwa sababu ya vitu walivyomaliza. Huyu ninamwandika kwa sababu ya vitu alivyoanza. Jina lake ni Salesio, fundi seremala wa huku kwetu Nkubu, Meru. Mimi na yeye ni rika moja. Tulitahiriwa msimu mmoja, na siku hiyo yeye alilia kunishinda, ingawa ukimuuliza atakwambia kinyume. Usimuulize.

Mimi naitwa Kailemia, dalali wa ng'ombe. Shule niliacha darasa la sita kwa ombi la mwalimu, lakini ikifika mambo ya kusimulia, hata waliosoma mpaka wakavaa majoho huniachia kiti. Kwa hivyo tulia, uko mikononi mwa mtu.

Salesio alianza nyumba ya vyumba vinne, akaezeka viwili. Vile vingine viwili vilibaki vikiangalia mbingu, na mkewe Kiende, mwanamke mwenye akili, akapanda malenge ndani. Alianza kisima, akachimba mpaka akagonga jiwe, akakaa juu ya hilo jiwe apumzike kidogo, na mpaka leo bado anapumzika. Aliingia kwaya ya kanisa, akatoka katikati ya wimbo. Siku moja kinyozi alikuwa amemaliza kumnyoa upande wa kushoto, stima ikapotea. Salesio akaondoka. Stima ilirudi kabla hajafika kwake, taa aliziona kwa macho yake mawili, lakini hakugeuka. Jumapili kanisani, ukikaa kushoto kwake ulimwona askari jela, ukikaa kulia ulimwona Yohana Mbatizaji.

Vitanda vya wateja huvimaliza. Lakini hiyo ni kwa sababu Kiende husimama nyuma yake na mwiko.

Sasa, kanisa letu lina mbio zake kila mwaka, za kuchangia zahanati. Zinaanzia kwenye ngazi za kanisa hapa Nkubu, zinaacha lami, zinapita mashambani katikati ya migomba na majani chai, zinavuka mto kwa daraja la mbao, zinapanda mlima wenye roho mbaya, halafu zinaishia Kinoru, pale kwenye lango la uwanja. Ukigusa lango, umemaliza. Unapewa soda, padre anakusalimia kwa mkono, unapigwa picha.

Salesio alizianza hizo mbio kila mwaka. Mwaka wa kwanza alisikia harufu ya pilau njiani, akaingia kwenye harusi ya watu asiowajua, na jioni akatoa hotuba kwa niaba ya upande wa bwana harusi. Mwaka wa pili alidandia lori la majani chai, "kona moja tu," akalala juu ya magunia, akaamkia kiwandani. Mwaka wa tatu aliona mtu akitengeneza meza vibaya, akasimama kumkosoa. Ile meza pia hawakuimaliza.

Haya yote yalikuwa kichekesho kwetu, lakini kuna mtu mmoja ambaye hakucheka, naye ni Celina, mama yake Kiende. Huyo mama ni mfupi, ana mgongo wa chuma na maneno ya kuhesabu. Alipoulizwa mkwe wake ni mtu wa namna gani, alisema, "Ni mlango. Nyumba sijaiona." Neno hilo lilizunguka Nkubu yote, na nusu yake nililizungusha mimi.

Mwanzo wa mwaka wa elfu mbili na ishirini, Kiende akajifungua binti wa pili. Kwa desturi yetu binti wa pili huchukua jina la upande wa mama, basi akaitwa Celina. Tukangoja Celina mkubwa aje na uji na ndizi, amshike mjukuu aliyebeba jina lake. Hakuja. Akatuma ujumbe: "Nitaingia boma hilo siku mwenye boma atamaliza kitu. Kitu chochote. Sichagui."

Kiende alilia. Hapo ndipo Salesio aliposimama mbele ya watu, baada ya misa, akaapa: mwaka huu zile mbio atazimaliza, aguse lango la Kinoru kwa mkono wake, na mama mkwe aje amshike mtoto. Na tumsifu, alianza mazoezi. Kila alfajiri alikimbia. Wiki ya pili nilimtegea chai na mandazi kando ya njia nimjaribu. Alipita. Niliogopa, nikafikiri ni mgonjwa.

Halafu korona ikaingia. Makanisa yakafungwa, shule zikafungwa, mikono ikanyimwa mikono, na mbio zikaahirishwa mpaka Mungu atakapopenda. Celina aliposikia, alitua jembe akasema, "Mnaona? Hata korona imekuja kumsaidia asimalize."

Salesio alikuja kwangu jioni hiyo, uso umeanguka.

"Kailemia, mimi nilikuwa tayari."

"Najua."

"Hakuna mtu ataamini."

"Hata mimi siamini, na nimekuona."

"Njia imefungwa?"

"Njia ni ya kwenda sokoni, nani ataifunga?"

Akasema neno lililonifanya niweke kikombe chini. "Basi tukimbie wenyewe."

Tukapata watu wanne. Mimi, kwa sababu kitu bila mimi hakiendi. Salesio. Mwalimu Nthiga, mtu wa Gachoka huko Mbeere, anafundisha hesabu shule ya jirani. Wanafunzi walitumwa nyumbani, yeye akabaki kwenye chumba chake cha kupanga akiogopa kumpelekea mama yake ugonjwa. Wa nne ni Gatwiri, ambaye anauza viatu na nguo za mitumba pale Kinoru. Huyo dada ana miguu kama swala, na raba zote nzuri za Meru hupita kwake kwanza. Yeye ndiye angekuwa shahidi, maana angefika mapema. Nthiga alisema atatupiga picha langoni kwa simu yake.

"Celina haamini picha," nikamwambia. "Anasema siku hizi hata yeye anaweza kupigwa picha na simba."

Asubuhi ya Jumamosi tukasimama kwenye ngazi za kanisa lililofungwa, kila mtu mbali na mwenzake, barakoa zikiwa kidevuni. Salesio alikuwa amevaa kaptura. Ngoja niieleze hiyo kaptura, maana ina kazi mbele. Ilikuwa ya rangi ya machungwa, aliinunua kwa Gatwiri, na aliyeishona alipungukiwa na kitambaa. Ilianza kiunoni vizuri, halafu, kama mambo yote ya Salesio, ikakoma mapema.

"Hii umelipia yote ama nusu?" Nthiga akamuuliza.

"Mwalimu, usinianze."

"Sikuanzi. Kuanza ni kazi yako."

Tukaondoka. Gatwiri alitupungia mkono mara moja, akapotea kwenye kona, na hatukumwona tena mpaka mwisho. Mimi ningeweza kumfuata. Lakini nilikuwa namsindikiza Salesio, na msindikizaji hamwachi bibi harusi njiani. Andika hivyo.

Kukimbia wakati ule wa korona si kama kukimbia siku nyingine. Mtu akituona watatu tunapumua mbio, barakoa kidevuni, alijua tumetoroka mahali. Mama mmoja alifungia mbuzi ndani, akajifungia na wao. Mzee aliyekuwa akipogoa kahawa alitupigia kelele, "Mmetoroka karantini gani?" Nikamjibu, "Ya wanaume wazuri!" Akasema, "Wewe walikuweka kwa makosa!" Tukacheka mpaka Nthiga akashikwa na kichomi.

Majaribu yalikuja yote. Kulikuwa na boma walikokuwa wanachoma mahindi, na mwenyewe anamfahamu Salesio kwa jina. Kulikuwa na lori la majani chai, jamani, lile lile, na dereva akapunguza mwendo kwa heshima ya mteja wa zamani. Salesio alilitazama kama mtu anayemtazama mpenzi aliyemwacha. Akapita. Kulikuwa na fundi mmoja anayepigilia mlango kichwa chini miguu juu, nami nikaona mkono wa Salesio ukitafuta nyundo kiunoni, lakini akapita. Niligeuka nikamwambia Nthiga, "Leo tutaona mambo." Nthiga akasema kwa hesabu yake kila kitu kinawezekana isipokuwa hiki.

Tukavuka daraja la mbao. Ng'ambo ya daraja njia inabana, ua wa miiba huku, ua wa miiba huku, upana wa ng'ombe mmoja mnono, na inapanda hivyo mpaka karibu na Kinoru. Tukapinda kona. Salesio, aliyekuwa mbele, akasimama kama amegonga ukuta.

Mbele yetu, hatua chache tu, mtu alikuwa akipanda mlima polepole na mkungu wa ndizi mgongoni, kamba ya mzigo ikipita juu ya kichwa. Mfupi. Mgongo wa chuma.

"Ni yeye?" Nthiga akanong'ona.

"Ni yeye," Salesio akasema.

Kama wewe si wa huku, sikia. Kwetu mama mkwe huheshimiwa mpaka uchoke. Humpi mkono. Humtazami usoni wala yeye hakutazami. Mkikutana njiani unajitupa kichakani apite. Serikali ilipotangaza kukaa mita moja na nusu, wazee wetu walicheka. Kwa mama mkwe tumekaa mbali kuliko hapo tangu zamani, na hakuna mtu amewahi kumwambukiza mama mkwe wake hata mafua. Sasa kumpita kwa nyuma, mbio, ukimwachia vumbi kana kwamba yeye ni mlingoti wa simu, hapo umetukana ukoo. Na kumpita ukiwa na kaptura ile, afadhali uhamie nchi nyingine. Tena heshima hiyo si ya mwenye mke peke yake. Sisi rika lake, tuliobeba asali siku ya posa, Celina ni mama mkwe wetu sote.

"Turudi tuzunguke kwa barabara ya lami," nikasema.

"Hapana," Salesio akasema. "Nikikata njia nitakuwa nimefanya nusu tena."

"Basi vuta barakoa juu, hatakujua."

Nthiga akatikisa kichwa. "Kailemia, huyu mama amewahi kumtazama usoni?"

"Hapana."

"Basi uso wake haujui. Anajua miguu. Miaka yote amekuwa akitazama chini. Mtu huyu amevaa barakoa mahali si pake."

Mwalimu huyo wakati mwingine ana maneno. Nikavua sweta yangu, Nthiga akavua yake, tukamfunga Salesio kiunoni, moja mbele, moja nyuma, mikono ya sweta tukaikaza fundo. Alionekana kama mwali anayetolewa ndani. Akaanza kutembea kwa hatua ndogo ndogo, na sisi nyuma yake. Celina akipanda, tunapanda. Celina akisimama kupumua, tunasimama. Kamba ikiwa kichwani huwezi kugeuza shingo, kwa hivyo hakutuona, lakini masikio yalikuwa huru. Kidogo kidogo akaongeza mwendo. Tukaongeza. Akapunguza. Tukapunguza. Mwisho akasimama chini ya mti wa makadamia, akasema na ule mti. Mama mkwe akiwa na neno na mkwe wake, na hakuna mtu wa kutuma, hutumia kilichopo.

"Wewe mti," akasema, "hawa walio nyuma yangu ni watu ama ni fisi?"

Kwa sababu mimi ndiye mwenye ulimi, nikajibu. "Wewe mti, mwambie mama ni watu wa heshima."

"Mti, watu wa heshima hawapumui hivyo. Mwambie huyo aliyejibu namjua, alimuuzia mzee wangu ng'ombe kipofu."

"Mti, mwambie mama ng'ombe yule alikuwa anasinzia tu."

Nthiga akajibana asicheke. Hapo nikakumbuka yeye ni Mbeere. Nikamnong'oneza, "Mwalimu, wewe si wa huku, mpite, umsaidie kubeba ndizi, njia ifunguke."

"Kweli," akasema. "Mimi hainihusu." Akatembea kifua mbele, hatua tatu, hatua nne. Celina akakohoa. Kikohozi kidogo tu, na si cha korona. Nthiga akarudi nyuma bila kugeuka, kama gari lililopoteza breki mlimani.

"Imekuwaje?"

"Nilibeba sukari siku ya posa," akasema. "Miguu imekumbuka."

Celina akageuza mwili wote pamoja na mzigo, macho chini miguuni petu, akasema tena na mti. "Na huyo wa katikati, aliyejifunga sweta kama mwali. Mti, muulize anaenda wapi."

Salesio alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Nilifikiri ataniachia mimi nijibu. Hakuniachia.

"Mti," akasema, "mwambie mama naenda kugusa lango la Kinoru."

"Mti, mwambie mbio zilifungwa."

"Mwambie najua. Lakini mimi sikufungwa."

Upepo ukapita kwenye majani.

"Mti, mwambie njia si yangu, ni ya serikali. Apite."

"Mti, mwambie mama siwezi kumpita."

"Kwa hivyo anakomea hapa," Celina akasema, na alisema hivyo bila kejeli, kama mtu anayefunga mlango aliouzoea. Nami nikaona mambo yameharibika, kwa sababu akipita amemvunjia heshima, asipopita amekuwa mlango tena.

"Hapana," Salesio akasema. "Mwambie nitamfuata nyuma mpaka anapoenda. Akifika sokoni njia itakuwa yangu, nitakimbia iliyobaki. Hata tukifika jioni."

Celina akarekebisha kamba kichwani. "Mti, jioni nitakuwa nimelala. Mwambie aje, basi, na asipumue kama ng'ombe wa Kailemia."

Akaondoka. Lakini sasa, rafiki yangu, hakuondoka kama mtu aliyebeba mkungu. Alitoka na hatua za kukanyaga nyoka. Tukashangaa. Tukafuata. Mlima ule ule uliotufanya tushike viuno, yeye aliumeza. Nthiga akabaki nyuma akiita marehemu wa kwao kwa majina. Mimi nilikuwa na nguvu, ila nilipunguza ili nisimwache mwalimu peke yake, kwa sababu mgeni ni wa kutunzwa. Salesio peke yake ndiye aliyemfuata bega kwa mzigo, hatua zile zile nyuma yake, sweta mbili zikipigapiga magoti.

Tukafika pale njia ya sokoni inapokata kushoto. Nikasema, sasa atakata. Celina akasimama. Akaangalia soko. Wateja walikuwa wanamwita, "Mama ndizi! Mama ndizi!" Akazungumza na mwamvuli wa muuza kadi za simu.

"Wewe mwamvuli, waambie hao watu wa ndizi wangoje. Kuna kitu nataka kuona kabla sijafa."

Akanyoosha moja kwa moja kwenda Kinoru.

Gatwiri alikuwa langoni amekaa juu ya jiwe, anakula mahindi ya kuchoma, amepumzika mpaka amechoka kupumzika. Baadaye aliniambia alipotuona alidhani tumegeuka maandamano: mbele mama mzee na mkungu anakuja mbio, nyuma mwanamume aliyevaa sketi ya sweta, nyuma zaidi wazee wawili wameshikana kama walevi. Mzee mmoja ni Nthiga. Mwingine sitaki kumtaja.

Celina alifika langoni, akapita upande, akasimama akiwa ameligeuzia lango mgongo, akavuta leso akafunika uso. Adabu kamili. Akabaki Salesio na kipande cha lami, si kirefu kuliko uwanja wa kanisa.

Hapo ndipo fundo la sweta lilipofunguka.

Kwanza ikaanguka ya nyuma, yangu. Akaendelea. Halafu ya mbele ikaanza kuteremka. Salesio akaishika kwa mkono mmoja. Ikamteleza. Ikamfunga miguuni, akayumba, karibu aanguke, akasimama. Nikaona ameinama. Nikajua yatakayofuata, kwa sababu nimemjua mtu huyu tangu tukichunga mbuzi pamoja. Ataokota sweta, ataifunga vizuri, ataona aibu, ataketi kando, na lango litabaki pale pale na yeye hapa.

"Salesio!" nikapiga kelele. "Wacha sweta!"

"Mama yuko hapo!"

"Wacha sweta, mtu wangu! Hiyo ni yangu na nimekupa!" Nthiga akalia, na kweli ilikuwa yake.

Salesio aliangalia sweta. Aliangalia lango. Akafumba macho, nafikiri alifikiri akifumba yeye hakuna atakayeona, akairuka ile sweta akatoka mbio. Jamani, mapaja yale! Meupe juu, meusi chini, hayajaona jua tangu utoto, yanawaka chini ya kile kitambaa cha machungwa. Akagonga lango kwa viganja vyote viwili mpaka likalia kote Kinoru.

Askari wa lango akatoa kichwa dirishani. "Uwanja umefungwa, mzee."

"Sitaki kuingia," Salesio akasema, anahema, paji la uso limegusa chuma. "Nilitaka kufika."

Tulipogeuka kumtafuta Celina, alikuwa tayari anaenda zake sokoni na ndizi, leso imefunika uso. Na simu ya Nthiga, ile ya picha, ilikuwa imezimika tangu darajani, kwa sababu alikuwa akijichezea nyimbo za kumtia moyo.

Siku zikapita kimya. Salesio akaanza kunywea. "Hakuona," akawa ananiambia. "Alikuwa amefunika uso. Kailemia, nilifika na hakuna mtu mkubwa ataapa nilifika." Nikamwambia mimi niliona. Akasema, "Wewe pia ulisema ng'ombe kipofu anasinzia." Urafiki una maumivu yake.

Halafu tukaitwa. Mzee Riungu, mumewe Celina, alituma neno kwamba mkwe aje na rika lake, kuna mashtaka. Tukaenda. Tukakaa uani kwenye viti vilivyotenganishwa, barakoa usoni, wazee watatu mbele yetu. Celina alikuwa jikoni, kwa sababu mlalamikaji hawezi kukaa uso kwa uso na mkwe. Sauti yake ilitoka kwenye nyufa za mbao.

Riungu akakohoa. "Kuna mtu wa boma hili alimwona mkwewe akiwa nusu uchi. Hilo ni kosa. Faini yake ni kondoo dume. Lakini kwanza tujue. Mama, kosa lilifanyika wapi?"

"Kinoru," mbao zikasema.

"Kinoru kubwa. Kinoru wapi?"

"Langoni."

Niliona mgongo wa Salesio ukinyooka kidogo.

"Alikuwa anakaribia lango, ama alikuwa ametoka?"

Tulisikia kuni zikipasuka jikoni.

"Alikuwa amelishika," Celina akasema.

"Yaani alifika?"

Hapo nikaona nafasi, na mtu kama mimi nafasi hainipiti. Nikainua mkono. "Mzee, sisi wa nyuma hatukusikia, ni hizi barakoa. Tunaomba mama arudie."

"Alifika!" mbao zikapiga kelele, hata kuku wakaruka. "Alifika! Alifika na mapaja nje! Nani amewahi kuona mambo kama hayo!"

"Na mama aliyaonaje," nikauliza, "uso ukiwa umefunikwa?"

"Leso ni ya zamani," akasema, upole sasa. "Ina matundu."

Wazee watatu walitazama chini, mabega yakitetemeka. Riungu akamuuliza Salesio kama anakubali kosa. Sijawahi kuona mtu akikubali kosa vile. Alisimama kama anayepokea nishani.

"Nakubali, mzee. Nilifika na mapaja nje. Mkiona kondoo mmoja hatoshi, ongezeni."

"Mmoja anatosha. Ila mkwe wangu, utaleta kondoo mzima? Ama utaleta kichwa, halafu tungoje mwili?"

Kesho yake kabla ya chai kondoo alikuwa pale, na miguu yote minne, na mkia. Mimi ndiye niliyemchagua, na macho yake niliyapima mara mbili.

Jumapili iliyofuata Celina akaingia boma la Salesio. Alikuja na kibuyu cha uji wa wimbi na ndizi, akapita kando ya jiwe la kisima bila kulitazama, akaingia nyumbani upande wenye mabati. Kiende alimkabidhi mtoto, akaenda kukoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. Salesio alikuwa nje nyuma ya ukuta, suruali ndefu, soksi, koti, jua lote lile. Celina alimpakata mjukuu muda mrefu. Kisha akainua macho, akaona pale mabati yanapokoma na malenge yanapoanzia.

"Celina," akamwambia mtoto, "mwambie baba yako mvua za mwezi wa kumi haziko mbali."

Huko nje, ng'ambo ya ukuta, tukasikia nyundo inatafutwa.

Chumba cha tatu kilipata paa kabla ya mvua. Cha nne bado kina malenge, lakini hayo ni malenge matamu, hata mimi nimeshauri yasisumbuliwe. Mbio za kanisa zilirudi, na Salesio hufika Kinoru kila mwaka, suruali ndefu, wa mwisho. Yule mtoto sasa anakwenda shule, na tangu ajue kusema hakuna mti wala mwamvuli uliowahi kusumbuliwa tena. Yeye ndiye mjumbe kati ya baba na nyanya. Lakini nimegundua ana damu ya udalali, sijui ameitoa wapi. Juzi nilikuwa hapo akaingia mbio kutoka kwa Celina, akasimama mbele ya Salesio, mikono nyuma.

"Baba, nyanya anasema umalize kile chumba. Na pia anasema uninunulie viatu vyenye taa."